Kukausha Retina

Mwaka 1855, mjini Vienna, daktari Eduard von Jaeger alichungulia ndani ya jicho la mgonjwa wa kisukari akaona madoa ya manjano na alama za damu katikati ya retina. Kifaa alichotumia kilikuwa bado kigeni kwa madaktari wengi. Miaka minne tu nyuma, mwaka 1851, Hermann von Helmholtz, aliyekuwa akifundisha Königsberg, alikuwa amechapisha maelezo ya kioo chake cha kuangazia jicho: kioo kinachopeleka mwanga wa taa ndani ya mboni na papo hapo kumwachia daktari njia ya kuona kilichomo. Kabla ya hapo mboni ya mtu aliye hai ilikuwa tundu jeusi. Mtu akipoteza uoni huku jicho lake kwa nje ni zima, daktari alibaki kukisia.

Jaeger alitamka kwamba kisukari ndicho kilicholeta madoa yale. Huko Berlin alikuwako Albrecht von Graefe, ambaye madaktari wa macho wa Ulaya walimsikiliza kuliko mtu mwingine yeyote, naye akakataa. Hakuona ushahidi kwamba ugonjwa wa sukari unaweza kufika kuharibu retina. Ubishi ukaendelea hadi mwaka 1872, Edward Nettleship wa London alipochapisha makala kuhusu uvimbe wa retina, akieleza alichokiona chini ya hadubini katika macho ya wenye kisukari: katikati ya retina pamejaa vishimo vya majimaji. Tatizo likawa limejulikana sura yake. Tiba iliyothibitika ilichelewa zaidi ya miaka 100 tangu siku hiyo.

Retina ni utando mwembamba uliotandazwa kwenye ukuta wa nyuma wa jicho, kwa ndani, nao ndio unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo kama taarifa. Katikati yake ipo makula, sehemu ndogo tunayoitegemea kusoma, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua sura za watu. Unene wa retina hapo katikati ni kama robo ya milimita tu. Mishipa midogo inayoilisha ina kuta zilizobana, zisizopitisha maji ovyo. Kisukari kikidumu, kuta hizo hulegea. Maji, mafuta na protini za damu huvujia ndani ya tishu, na makula huvimba. Wala si kisukari peke yake. Mshipa unaorudisha damu kutoka kwenye retina ukiziba, jambo linalowapata zaidi wenye shinikizo la damu, makula inaweza kujaa maji kwa muda mfupi. Inaweza kuvimba wiki kadhaa baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa ugonjwa wa makula wa uzeeni, au kwa maradhi ya ndani ya jicho yanayoletwa na maambukizi.

Mgonjwa hasikii maumivu. Anaingia kliniki akitembea mwenyewe, anakwepa meza na viti bila shida, lakini ujumbe wa M-Pesa hausomi, na nguzo ya umeme iliyosimama wima anaiona imepinda. Wengi hudhani wanahitaji miwani.

Zamani za akina Nettleship, vijana wengi wenye kisukari hawakuishi miaka ya kutosha kufikia hatua hiyo. Januari 1922, mjini Toronto, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipigwa sindano ya insulini, na kuanzia hapo watu waliokuwa wamehesabiwa siku wakaanza kuishi. Baada ya miaka 15, 20, madaktari wakaanza kuwaona walewale waliookolewa wakirudi hospitalini macho yakiwa yamejaa damu na maji.

Walijaribu waliyoweza, na baadhi ya waliyojaribu yanatisha kuyasoma. Mwaka 1953 daktari Jacob Poulsen wa Denmark aliandika kuhusu mwanamke mwenye kisukari ambaye, baada ya kujifungua, tezi iliyo chini ya ubongo wake ilikufa, kisha ugonjwa wa retina ukapungua. Kutokana na taarifa hiyo, madaktari wa upasuaji wa Ulaya na Marekani wakaanza kuiondoa au kuiharibu tezi hiyo kwa makusudi. Aliyefanyiwa hivyo alibaki akitegemea homoni za dawa maisha yake yote, na sukari yake iliweza kushuka ghafla hadi kumwua. Wapo waliokubali wakijua hayo yote, maana njia nyingine ilikuwa kukaa gizani. Wataalamu walipokutana Airlie House, Virginia, mwaka 1968, upasuaji huo ulikuwa bado unajadiliwa kama tiba. Sisomi habari za wagonjwa hao bila uchungu. Walitoa kiungo kizima cha mwili ili kulinda utando mwembamba kuliko karatasi ngumu, bila uhakika wowote.

Kilichoiondoa njia hiyo ni mwanga. Julai 1945 jua lilipatwa Ulaya, na nchini Ujerumani mwanafunzi mmoja wa udaktari alilitazama bila kinga. Makula yake iliungua. Daktari kijana Gerd Meyer-Schwickerath alipolichunguza jicho hilo aliona kovu dogo lenye mipaka safi, akakumbuka kwamba makovu ya namna hiyo ndiyo madaktari wa upasuaji walikuwa wakihangaika kuyatengeneza kwa joto la umeme ili kuibandika retina iliyobanduka. Kama jua linaweza kuunguza bila kukata, kwa nini daktari asilitumie?

Alipanga vioo kwenye paa la hospitali mjini Hamburg, akaushusha mwanga wa jua hadi kwenye jicho la mgonjwa. Anayeijua hali ya hewa ya Hamburg ataelewa taabu yake: mawingu siku nzima, na jua likitokea halitulii mahali pamoja. Akajaribu taa za makaa ya umeme, zenye moshi na cheche. Mwishoni mwa miaka ya 1950, pamoja na kampuni ya Zeiss, akapata mashine ya taa ya gesi ya zenoni, na hiyo ndiyo iliyosambaa hospitalini. Mwanga wake ulikuwa mweupe, mkali na mpana, ukiunguza eneo kubwa kuliko lililohitajika.

Mei 1960, huko California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani, ya jiwe la rubi. Madaktari wa macho walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuichangamkia. Mwaka 1968 Francis L'Esperance wa New York akaanza kutumia leza ya gesi ya agoni, ambayo mwanga wake hufyonzwa vizuri na damu yenyewe. Sasa daktari aliweza kulenga tundu moja linalovuja na kuliacha la jirani.

Lakini alijuaje lipi linavuja? Hapa historia inarudi nyuma kidogo, kwa wanafunzi wawili wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana, Harold Novotny na David Alvis. Walitaka kupiga picha za damu inavyopita katika retina, na wazo lao lilikuwa kuingiza rangi ya fluoresini kwenye mshipa wa mkono, kuangaza jicho kwa mwanga wa buluu, na kunasa kwa kamera ule mng'ao wa kijani unaotoka. Nani achomwe kwanza? Walirusha sarafu, ikamwangukia Alvis. Akakaa mbele ya kamera, rangi ikaingia mkononi, na baada ya sekunde chache mishipa ya retina yake ikawaka mmoja baada ya mwingine. Majarida ya macho yaliikataa makala yao. Ilichapishwa mwaka 1961 katika *Circulation*, jarida la madaktari wa moyo.

Kwa uvimbe wa makula, picha hizo zilifungua mlango. Mshipa mzima huishikilia rangi ndani yake. Mshipa mbovu huiachia, na doa jeupe hutanuka kadiri dakika zinavyopita. Mwaka 1953 S. Rodman Irvine alikuwa ameeleza hali ya watu wanaopungukiwa na uoni baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho uliofanyika vizuri. Mwaka 1966 J. Donald Gass wa Miami alionyesha kwa rangi ile kinachotokea: makula imevimba, na maji yamejipanga kuzunguka kitovu chake kama petali za ua. Hadi leo hali hiyo huitwa kwa majina ya wawili hao. Wengi wanaoipata hupona kwa matone ya macho na subira, na ni vyema mgonjwa akaambiwa mapema, maana anayeona vizuri wiki ya kwanza kisha ukungu ukarudi hudhani upasuaji umeharibika.

Marekani ikafanya jambo ambalo tiba ya macho ilikuwa bado haijalifanya kwa kiwango hicho: majaribio makubwa ya kitaifa ya kupima kama leza kweli inasaidia. La kwanza lilihusu mishipa mipya inayoota kwenye retina, na mwaka 1976 likatoa jibu la wazi kwamba leza inasaidia. La pili, lililojulikana kwa kifupi ETDRS, lilikuwa na wagonjwa 3,711, na taarifa yake ya mwaka 1985 ndiyo iliyougusa uvimbe wa makula. Katika miaka mitatu, macho ambayo hayakupigwa leza, 24 kati ya 100, yalipoteza kiasi kikubwa cha uoni. Yaliyopigwa yalikuwa 12. Nusu kamili.

Kwa miaka 25 iliyofuata, hiyo ndiyo ilikuwa tiba. Mgonjwa aliegemeza kidevu kwenye mashine, akawekewa lenzi juu ya jicho, akaona vimuli vikali vikipita, akaenda nyumbani. Nyuma ya kila kimuli kulikuwa na kovu la sehemu ndogo sana ya milimita. Ilikuwa tiba ya kweli, na hospitali nyingi bado zinaihitaji. Ila ilizuia tu, haikurudisha. Mtu aliyekuja akiwa hawezi tena kusoma, mara nyingi aliondoka akiwa vilevile, na daktari mkweli alimwambia kwamba lengo ni kutozidi kupoteza. Palipokuwa na ute wa jicho unaoivuta makula, upasuaji wa kuutoa ulisaidia baadhi ya watu; upasuaji huo aliuanzisha Robert Machemer mjini Miami mwaka 1970, baada ya kukijaribu kifaa chake kwenye ute wa yai la kuku.

Mwaka 1993 jaribio jingine la Marekani na Kanada, lenye wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza, lilithibitisha kile ambacho walimu wengi wa udaktari walikihisi: kuidhibiti sukari kwa bidii hupunguza sana hatari ya retina kuharibika. Kwa wale ambao retina zao zilikuwa bado nzima, hatari ilishuka kwa asilimia 76. Miaka mitano baadaye utafiti wa Uingereza ukaonyesha kwamba kushusha shinikizo la damu kunalinda macho ya wenye kisukari cha aina ya pili. Haya hayana mvuto wa leza wala wa sindano, na hakuna mashine ya kupigia picha magazetini. Lakini kila tiba ninayoisimulia hapa inafanya kazi juu ya jicho ambalo sukari yake inaendelea kulichoma au imetulizwa, na matokeo ya pande hizo mbili hayafanani.

Kabla ya leza kutawala na hata ilipotawala, swali la ndani zaidi, la nini kinachoifanya mishipa iote na kuvuja, lilikuwa likitafutiwa jibu kwingine. Mwaka 1948 Isaac Michaelson alipendekeza kwamba retina iliyokosa hewa hutoa kitu fulani kinachosambaa na kuamsha mishipa mipya. Hakukijua ni nini. Mwaka 1971 Judah Folkman wa Boston akatoa hoja kwamba hata uvimbe wa saratani huita mishipa ya damu ije kuulisha, na kwamba mwito huo ukikatwa saratani itasinyaa, na wengi wakampuuza. Mwaka 1983 Donald Senger na Harold Dvorak walipata protini inayofanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara, Mtaliano mzaliwa wa Catania aliyefanya kazi katika kampuni ya Genentech, California, akatenga protini inayoamsha mishipa mipya, iliyopewa jina la VEGF. Ikaonekana kwamba ni kitu kimoja. Protini inayoamuru mishipa iote ndiyo inayozifungua kuta zake ili ivuje. Mwaka 1994 kundi la watafiti wa Boston, Lloyd Paul Aiello akiwamo, likaipata kwa wingi ndani ya macho ya wagonjwa wa kisukari.

Katika miaka hiyohiyo jicho likapata kipimo kipya. Mwaka 1991 James Fujimoto, David Huang, Eric Swanson na wenzao wa Boston na Cambridge walichapisha njia ya kupima tishu kwa mwangwi wa mwanga, inayojulikana kama OCT. Mashine za kuuza zilianza kupatikana mwaka 1996. Kipimo hiki hakihitaji sindano wala rangi; mgonjwa hutazama alama kwa muda mfupi, na kwenye kioo cha kompyuta hutokea picha ya retina kana kwamba imekatwa kwa kisu, matabaka yote yakionekana, na unene wake kwa mikroni. Madaktari waliacha kubishana kama makula imevimba au la. Na mgonjwa akaanza kuyaona maji yake mwenyewe. Kwa maoni yangu hilo la pili lina uzito kama la kwanza: ni vigumu kumshawishi mtu asiyeumwa arudi tena na tena, lakini ni rahisi zaidi kumwonyesha vishimo vyeusi vya mwezi uliopita na vya leo.

Februari 2004 Marekani iliidhinisha bevasizumabu, kingamwili inayoikamata VEGF, kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Genentech haikuipeleka kwenye macho. Ilitengeneza kutoka kingamwili hiyo kipande kidogo, ranibizumabu, kwa imani kwamba molekuli ndogo itapenya retina vizuri zaidi, na majaribio yake yalikuwa yakiendelea. Dawa nyingine ya mwanzo, pegaptanibu, iliidhinishwa Desemba 2004, lakini nguvu yake ilikuwa ndogo.

Philip Rosenfeld, daktari wa retina katika taasisi ya Bascom Palmer mjini Miami, alikuwa na wagonjwa waliokuwa wakipofuka huku ranibizumabu ikisubiri idhini. Alianza kwa kuwapa wachache bevasizumabu kupitia mshipa wa mkono, kama wanavyopewa wenye saratani. Macho yalikauka, ila shinikizo la damu lilipanda, na kumimina dawa nzito ya saratani mwilini kwa ajili ya jicho moja ilikuwa vigumu kuitetea. Mwaka 2005 akachukua hatua rahisi kuisimulia na nzito kuifanya. Alivuta kiasi kidogo kutoka kwenye kichupa cha dawa ya saratani, akakiingiza moja kwa moja ndani ya jicho.

Alichapisha habari za mgonjwa mmoja mwenye ugonjwa wa makula wa uzeeni, na za mwingine mwenye uvimbe wa makula uliotokana na mshipa wa retina kuziba. Kwa huyu wa pili, ndani ya wiki moja picha ya OCT ilionyesha makula imekauka. Kwa miaka 150 madaktari walikuwa wameuona uvimbe huu, wakauchora, wakaupiga picha, wakauunguza. Ilikuwa nadra kuuona ukitoweka kwa wiki moja, na herufi za ubao wa kupimia macho zikirudi.

Habari zilisambaa miezi ileile bila tangazo hata moja. Kichupa cha mililita 4 kina ujazo wa dozi nyingi za jicho, hivyo nchini Marekani kila dozi iligharimu kama dola 50. Ranibizumabu ilipoidhinishwa Juni 2006, dozi moja iliuzwa kwa karibu dola 2,000. Hakuna kampuni iliyokuwa na haja ya kulipia utafiti wa kuzilinganisha, kwa hiyo serikali ya Marekani ililipa yenyewe, na mwaka 2011 jibu likatoka kwa ugonjwa wa makula wa uzeeni: kwa uoni, dawa hizo mbili zinalingana. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiingiza bevasizumabu ya macho katika orodha ya dawa muhimu. Mwaka 2014 mamlaka ya ushindani ya Italia ilizitoza kampuni za dawa za Roche na Novartis faini ya zaidi ya euro milioni 180, ikisema zilishirikiana kuifanya ile ya bei nafuu ionekane hatari. Ulaya yenyewe iliidhinisha bevasizumabu maalumu ya jicho mwaka 2024, miaka 19 baada ya sindano ya Miami.

Kwa uvimbe unaoletwa na kisukari, utafiti ninaoutegemea zaidi ni ule wa mwaka 2015 uliokuwa na wagonjwa 660. Ulilinganisha bevasizumabu, ranibizumabu na dawa ya tatu, aflibasepti. Kwa aliyepungukiwa na uoni kidogo, zote tatu zilifanya kazi sawa. Kwa aliyepungukiwa sana, aflibasepti iliongoza katika mwaka wa kwanza, na baada ya mwaka wa pili tofauti ikapungua. Mwaka 2022 watafiti haohao wakaleta utafiti uliouliza swali la mtu mwenye bajeti: je, tukianza na ya bei nafuu, kisha tukabadilisha pale tu inaposhindwa? Baada ya miaka miwili, walioanza hivyo waliona vizuri sawa na walioanza na ya ghali, ingawa macho 70 kati ya 100 yalihitaji kubadilishiwa. Daktari wa hospitali yetu yoyote ya kanda akisoma matokeo hayo anapata ruhusa ya kuanza na alichonacho kwenye friji.

Wapo ambao sindano hizo hazitoshi, au ambao daktari angependa zisiwe za mara kwa mara. Kwao kuna dawa za jamii ya steroidi. Triamsinoloni ilianza kuchomwa ndani ya jicho kwa ajili ya uvimbe wa makula wa kisukari mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadaye kikaja kidonge kidogo cha deksamethasoni kinachoachwa humo na kuyeyuka polepole. Hukausha vizuri. Bei yake ni mtoto wa jicho kukomaa haraka na presha ya jicho kupanda, kwa hiyo anayepewa lazima apimwe presha kila anaporudi.

Sindano yenyewe inaogopwa kuliko inavyostahili. Mgonjwa hulala chali. Jicho hutiwa matone ya ganzi, kisha dawa ya kahawia ya ayodini ya kuua vijidudu, na hatua hiyo ya ayodini ndiyo isiyorukwa kamwe. Kope hushikiliwa wazi kwa waya maalumu. Daktari hupima milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa sehemu nyeusi ya jicho, mahali ambapo sindano ikipita haigusi lenzi wala retina, humwambia mgonjwa atazame upande mwingine, na sindano nyembamba huingia na kutoka ndani ya sekunde chache. Mgonjwa husikia kubanwa, na pengine huona vidoa vikielea hadi kesho yake. Maumivu yakizidi siku zinazofuata, jicho likawa jekundu na ukungu ukaongezeka, arudi hospitali siku hiyohiyo.

Hatari kubwa huja na kichupa. Kwa kuwa dozi nyingi hugawanywa kutoka kichupa kimoja, uchafu ukiingia mara moja huwafikia wengi. Ndiyo maana kliniki makini hugawa dawa katika chumba safi, na nyingi huwakusanya wagonjwa wa sindano siku moja ili kichupa kisikae wazi. Mwaka 2011, Miami hiyohiyo, wagonjwa 12 walipata maambukizi makali ya ndani ya jicho kutokana na dozi zilizogawanywa vibaya. Mwaka 2023, katika jimbo la Punjab nchini Pakistan, makumi ya watu waliathirika. Na huku kwetu, mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu bevasizumabu bandia iliyokutwa Afrika Mashariki. Dawa halisi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 tangu inapotoka kiwandani, na mgonjwa anayeulizia ilikonunuliwa anauliza swali la haki.

Ukubwa wa shida kwetu unajulikana. Utafiti ulioanza mwaka 2007 katika kaunti ya leo ya Nakuru, nchini Kenya, ukimhusisha daktari bingwa Wanjiku Mathenge, ulipima macho ya zaidi ya watu 4,400 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Miongoni mwa wenye kisukari, zaidi ya theluthi moja retina zao zilikuwa zimeshaguswa. Mkoani Kilimanjaro, hospitali ya KCMC ya Moshi ilishiriki katika mpango wa kupeleka kamera ya retina kwenye kliniki za kisukari, ili mtu apigwe picha palepale anapokuja kupima sukari. Huo ni mpangilio sahihi: kamera imfuate mgonjwa, kwa sababu asiyeumwa jicho hafungi safari ya kwenda kwa daktari wa macho.

Ugumu unaanza baada ya picha. Katika utafiti ule wa wagonjwa 660, mtu wa kawaida alichomwa sindano 9 au 10 kwa mwaka wa kwanza. Mkazi wa Moshi mjini anaweza kujipanga. Anayetoka Mpanda anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, nauli ya mtoto au mjukuu wa kumshika mkono, mahali pa kulala, na siku za shamba au biashara zilizopotea, mara 9 au 10. Bei ya dawa imeshuka hadi kuwa sehemu ndogo ya gharama hiyo. Dawa mpya zinaelekea kupunguza safari hizo: farisimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, na aflibasepti ya nguvu kubwa ya mwaka 2023, huwawezesha baadhi ya wagonjwa kukaa hadi miezi 4 kati ya sindano na sindano. Kwa sasa bei yake iko mbali na mifuko yetu, lakini hati miliki huisha, na aflibasepti ya kawaida tayari inatengenezwa na kampuni zaidi ya moja.

Mathenge baadaye alihamia Kigali, na huko yeye na wenzake walijaribu jambo linalohusu jibu kuliko dawa. Katika kliniki za kisukari nchini Rwanda, wagonjwa walipigwa picha za retina. Kundi moja lilisomewa picha papo hapo na programu ya akili bandia na kuelezwa siku ileile kama wanahitaji daktari wa macho. Kundi la pili lilisubiri siku chache picha zisomwe na mtaalamu. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Katika kundi lililosubiri, kama watu 40 kati ya 100 waliopewa rufaa walifika kwa daktari wa macho. Katika kundi lililojibiwa papo hapo walifika zaidi kidogo ya 51. Waliobaki katika kundi hilo, karibu nusu, walikuwa wamekwisha kuambiwa uso kwa uso kwamba retina zao zina tatizo.